Cymande: walipigiwa makofi New York, London ikanyamaza

Msikilizaji, mwaka 1973 kundi la vijana weusi kutoka kusini mwa London lilipanda jukwaa la ukumbi wa Apollo, mtaani Harlem, New York. Lilikuwa kundi la kwanza kutoka Uingereza kuongoza onyesho katika ukumbi huo, ambao watazamaji wake hawakuwa na subira na msanii dhaifu. Wakashangiliwa. Waliporejea nyumbani, hali ikawa ni ile ile waliyoiacha: hakuna aliyewajua.

Kundi hilo ni Cymande. Waasisi wake, mpiga besi Steve Scipio na mpiga gitaa Patrick Patterson, walizaliwa Guyana na kulelewa Balham, London. Wenzao walitoka visiwa vya Karibiani, ikiwemo Jamaica. Walianza mwaka 1971, na jina lao walilichukua katika nyimbo za kalipso, likimaanisha njiwa, ndege wa amani.

Muziki wao waliuita Nyah-Rock. Ni funk, lakini si ile ya James Brown yenye kasi na jasho. Besi ndiyo inayoimba, gitaa linadonoa kwa mbali, na chini yake zinapigwa ngoma za Warasta ziitwazo Nyabinghi. Wasikilizaji wetu wa Kigezi na kaskazini mwa Rwanda wataligutukia jina hilo, kwani asili yake ni Nyabingi, roho iliyoheshimiwa huko na ambayo wafuasi wake waliwapinga wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtayarishaji John Schroeder aliwasikia wakifanya mazoezi katika klabu moja ya Soho, akawaingiza studio. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1972, na wimbo wa "The Message" ukaingia katika orodha ya nyimbo 50 zilizovuma Marekani. Wakazunguka nchi hiyo pamoja na Al Green.

Kwa nini basi Uingereza haikuwasikia? Sababu moja ni redio yenyewe. Hadi Oktoba 1973 hapakuwa na kituo halali cha kibiashara cha redio katika ardhi ya Uingereza. Muziki wa vijana ulitegemea zaidi idhaa moja, BBC Radio 1. Wimbo usiochezwa hapo ulikuwa kama haukutolewa. Marekani, kinyume chake, ilikuwa na vituo vingi vya watu weusi. Lakini lisingekuwa jambo la haki kuilaumu mitambo peke yake: mwanamuziki mweusi aliyetoka Marekani alipokelewa London kwa heshima, na yule aliyekulia jirani akaonekana si mgeni wa kutosha wala mwenyeji wa kutosha.

Baada ya santuri tatu, ya mwisho ikiwa "Promised Heights" ya mwaka 1974, kundi likasambaratika. Scipio na Patterson wakasomea sheria, wakawa mawakili.

Santuri zao, hata hivyo, hazikustaafu. Katika wimbo wa "Bra" kuna mahali ambapo vyombo vingine vinanyamaza, ikabaki besi na ngoma. Wachezesha santuri wa Bronx waliweka nakala mbili sambamba na kukirudiarudia kipande hicho ili watu waendelee kucheza. Ndivyo hip hop ilivyozaliwa. De La Soul walikitumia mwaka 1989. Mwaka 1994 Spike Lee akauweka wimbo huo katika filamu ya "Crooklyn", na mwaka 1996 Fugees wakaazima gitaa la "Dove", wimbo wa zaidi ya dakika 10, katika albamu yao "The Score".

Mwaka 2022 ikatolewa filamu inayosimulia maisha yao, na Januari 2025 Scipio na Patterson, wakiwa wamekwisha kuwa wazee, walitoa albamu mpya iitwayo "Renascence". Safari hii redio za Uingereza ziliicheza.