Mirathi ya Damu na Homa ya Malaria

Hapana mzazi wa Pande, wilayani Kilwa, asiyeijua malaria. Lakini hutokea watoto wawili wa tumbo moja, walalao chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale, mmoja homa ikamlaza hata akapoteza fahamu, na mwenziwe siku ya pili akarudi kucheza. Watu husema ni bahati. Pengine bahati hiyo imo katika damu, nayo hurithiwa.

Wekundu wa damu watokana na himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa kutoka mapafuni na kuieneza mwilini. Kila mtu hurithi mafungu mawili yanayoamua namna ya himoglobini yake, moja kwa baba na moja kwa mama. Na katika mirathi hii mwana wa kiume hapati zaidi ya dada yake. Liko fungu lenye hitilafu ndogo, lifanyalo chembe nyekundu zijipinde mfano wa mundu zikikosa hewa, na kwa hiyo likaitwa selimundu. Aliyerithi moja la namna hii ni mzima. Hulima na kuvua kama wenziwe, na aweza kuzeeka bila kujua kwamba analo. Aliyerithi yote mawili ni mgonjwa: huumwa mifupa, hupungukiwa damu, na macho huwa manjano.

Katika mwaka wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Uingereza, alipima damu za makabila ya Kenya. Akaona kwamba wenye fungu moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 alitangaza matokeo ya jaribio lake. Watu 30 waliojitolea walitiwa vijidudu vya malaria: kati ya 15 wasio na selimundu, 14 waliingiwa na vijidudu, kati ya 15 wenye fungu moja, 2 tu. Kuwatia watu maradhi ili kupata elimu si jambo nipendalo kulisimulia, lakini hesabu yake ilikuwa wazi.

Kijidudu cha malaria hukua ndani ya chembe nyekundu. Kikiingia katika chembe yenye selimundu hakistawi vyema, na chembe yenyewe hujipinda, bandama ikaiondoa mapema. Lakini si hayo tu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionyesha kwamba fungu moja lilipunguza homa ya kawaida kwa asilimia 20 tu katika miaka miwili ya kwanza ya mtoto, kisha faida ikapanda hata asilimia 56 alipofikia miaka kumi. Lau ingekuwa kazi ya chembe peke yake, ingelikuwa sawa tangu utotoni. Wakaona kwamba huenda urithi huu pia huusaidia mwili kujifunza upesi kumtambua adui wake.

Mwaka huo huo, huko huko Kilifi, likaonekana jambo la ajabu. Talasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya himoglobini iliyo nyingi katika pwani yetu, nayo hukinga malaria kali. Lakini aliye na zote mbili, kinga hizo karibu huondoana.

Sasa tuje kwenye posa. Wakioana wawili wenye fungu moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si kwamba akiisha kuugua mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Kila mimba ina hesabu yake. Kuoa binti wa ami ni halali, lakini wawili hao wana babu mmoja, na huenda wote wamerithi kwake. Kipimo cha damu kabla ya ndoa hakimwaibishi mtu. Aibu ni kumwita mama mchawi au mwenye mkosi, hali nusu ya mirathi ile ilitoka kwa baba.

Tena wapo wasikiao kwamba selimundu hukinga malaria, wakamwacha mtoto mgonjwa bila chandarua. Kinga hiyo ni ya mwenye fungu moja, tena si kamili. Mwenye mafungu mawili, bandama yake huharibika mapema na damu yake ni haba. Malaria kidogo yaweza kumuua. Huyo ndiye wa kwanza kulazwa ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe hospitali siku ile ile.