Uhuru Afrika: Kiswahili kiliposikika katika santuri ya jazi New York

Msikilizaji wa umri wa makamo akisikia neno jazi, huenda asiifikirie Marekani kamwe. Atakumbuka Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz za nchi jirani ya Tanzania, au OK Jazz ya Kinshasa: magita, tarumbeta, na watu wakicheza hadi usiku wa manane. Neno hilo lilivuka bahari likawa huku kwetu jina la heshima la bendi ya dansi, hata pale ambapo muziki uliopigwa ulikuwa rumba tupu. Kule lilikotoka, kwa Wamarekani weusi, muziki wenye jina hilo ulikuwa na safari yake nyingine. Makala hii inafuata kipande kifupi cha safari hiyo, miaka ya 1959 na 1960, zilipotengenezwa santuri ambazo wapenzi wa jazi hawajaacha kuzitaja hadi leo. Miongoni mwake imo moja yenye jina la Kiswahili, nayo ndiyo itakayotuweka zaidi.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini santuri, wala si wimbo mmoja mmoja. Hadi miaka ya 1940 santuri ya kawaida ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo. Mpiga saksofoni aliyekuwa na neno refu la kusema alilazimika kulikatiza. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta sokoni santuri ndefu, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ambayo upande mmoja uliweza kubeba dakika 20 na zaidi. Wanamuziki wa jazi, waliozoea kupiga kwa muda mrefu vilabuni, wakapata nafasi ya kupiga vivyo hivyo studioni, na baada ya miaka michache wakaanza kuitunga santuri nzima kama kazi moja yenye mwanzo na mwisho.

Mwaka wa Kind of Blue

Santuri inayotajwa kabla ya nyingine zote ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 mjini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Jazi ya miaka iliyotangulia, hasa ile iliyoitwa bebop, ilikuwa kama mtu anayeteremka ngazi mbio: sauti za kinanda zinazomwongoza mpigaji zilibadilika kila baada ya mapigo machache, naye hakuwa na budi kubadilika pamoja nazo. Davis aliwapa wenzake, akiwamo John Coltrane kwenye saksofoni na Bill Evans kwenye piano, safu chache za sauti, wakae juu ya kila safu kwa kitambo na kuutafuta wimbo ndani yake. Ndiyo maana santuri hiyo ni tulivu, na mtu asiyejua lolote kuhusu jazi anaweza kuisikiliza mara ya kwanza bila kupotea. Imeuza nakala milioni kadhaa, na mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuienzi ilipotimiza miaka 50.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Katika kitabu cha maisha yake Davis alieleza kwamba, pamoja na nyimbo za kanisani alizozisikia utotoni huko Arkansas, alikuwa akiutafuta mlio wa kinanda cha vidole alichokisikia katika onyesho la kundi la Ballets Africains la Guinea. Alikiri pia kwamba hakuupata, bali aliishia kwenye kitu kingine. Ala hiyo si ngeni kwetu. Wagogo wa Tanzania huiita ilimba, nchini Kongo ni likembe, na Burundi ni ikembe. Santuri maarufu kuliko zote za jazi ilizaliwa, kwa sehemu, kutokana na jaribio lisilofanikiwa la kuiga ala ambayo mzee wa kijijini huipiga akitembea njiani.

Mwaka huo huo Dave Brubeck, mpiga piano mzungu kutoka California, alitoa Time Out, yenye nyimbo zinazohesabika kwa mapigo matano au tisa badala ya manne yaliyozoeleka. Yale tisa aliyasikia kwa wapigaji wa barabarani mjini Istanbul mwaka 1958, akiwa katika ziara iliyogharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Serikali hiyo ilikuwa ikiwatuma wanamuziki wa jazi ng'ambo ili waonyeshe kwamba Marekani ni nchi ya uhuru. Ndani ya nchi mambo yalikuwa tofauti. Mapema mwaka 1960 Brubeck alipoteza sehemu kubwa ya ziara yake katika vyuo vikuu vya majimbo ya kusini kwa sababu alikataa kumwacha nyuma mpiga besi wake mweusi, Eugene Wright.

Ornette Coleman naye alirekodi The Shape of Jazz to Come mwezi Mei 1959 bila piano hata kidogo, na wakosoaji wakagawanyika kati ya waliomwona bingwa na waliodai kwamba hajui kupiga. Charles Mingus, mpiga besi mwenye hasira nyingi na kipaji kikubwa zaidi ya hasira zake, akatoa Mingus Ah Um. Humo mna wimbo wa kumdhihaki Orval Faubus, gavana wa Arkansas ambaye mwaka 1957 aliwatumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia katika shule ya sekondari mjini Little Rock. Katika santuri hiyo ya Columbia wimbo ulitoka bila maneno. Maneno yake makali yalisikika mwaka 1960, Mingus alipourekodi upya kwa kampuni ndogo ya Candid.

Ipo tarehe moja inayopaswa kukumbukwa pamoja na uzuri wa muziki huu. Kind of Blue ilianza kuuzwa tarehe 17 Agosti 1959. Siku nane baadaye, usiku wa tarehe 25, Miles Davis alisimama nje ya klabu ya Birdland mjini New York, ambamo jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni, akivuta sigara baada ya kumsindikiza mwanamke mzungu kwenye teksi. Polisi alimwamuru aondoke. Alipojibu kwamba anafanya kazi hapo, ugomvi ukazuka, akapigwa kichwani hadi damu ikachuruzika kwenye koti lake, kisha akakamatwa yeye. Mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye.

Mwaka wa Afrika

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na bendera mpya zikapandishwa mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa, katika mji ule ule wa studio na vilabu tulivyovitaja. Tarehe 1 Februari mwaka huo wanafunzi wanne weusi mjini Greensboro waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa wazungu, wakakataa kuondoka. Tarehe 21 Machi polisi wa Afrika Kusini waliwaua waandamanaji 69 huko Sharpeville.

Mpiga ngoma Max Roach aliyaweka matukio hayo pamoja katika santuri ya We Insist!, iliyorekodiwa Agosti na Septemba. Picha ya jalada ni ya watu weusi walioketi kwenye kaunta ya namna hiyo hiyo. Wimbo wa mwisho unawalilia watu wa Johannesburg, na katika mwingine mwimbaji Abbey Lincoln anayataja makabila ya Afrika moja baada ya jingine, huku Babatunde Olatunji wa Nigeria akimjibu kwa Kiyoruba. Kuna mahali ambapo Lincoln haimbi bali anapiga mayowe. Msikilizaji asiyependa muziki wa namna hiyo hatalaumiwa, lakini akisikia mara moja hatasahau.

Mwezi Novemba ikafuata santuri yetu. Mtunzi wake, Randy Weston, alizaliwa Brooklyn mwaka 1926, mtu mrefu aliyepita mita mbili. Baba yake, mwenye asili ya Panama na Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Alimlea mwanawe kwa ramani na vitabu vya historia ya Afrika, akimwambia daima kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Wakati wa kuitunga Uhuru Afrika, Weston alikuwa bado hajakanyaga bara hili. Alifika kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, mjini Lagos.

Alitaka kazi hiyo ifunguliwe kwa sauti ya Kiafrika, si Kiingereza. Lakini lugha gani, katika bara lenye lugha zisizohesabika kwa urahisi? Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, na jibu alilopata ni Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, likatafsiriwa, na aliyelisoma studioni ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Santuri inaanza kwa ngoma na sauti yake.

Kuwapo kwa Mtanganyika katika mji huo hakukuwa ajabu. Tanganyika, kama Ruanda-Urundi, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na madai ya wananchi wake yalifikishwa New York. Julius Nyerere mwenyewe alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Santuri iliporekodiwa, Nyerere alikuwa ameunda serikali ya ndani miezi michache tu kabla, na bendera ya Uingereza ilikuwa bado inapepea Dar es Salaam. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Neno uhuru, kwa hiyo, lilitamkwa na Sanga mbele ya maikrofoni likiwa bado dai.

Santuri ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Muziki uliandikwa kwa ajili ya bendi kubwa na Melba Liston, mpiga tromboni mwanamke katika enzi ambayo wanawake walikubaliwa kwenye jazi kama waimbaji na kwa shida sana kama wapiga ala za kupuliza. Weston alitunga nyimbo kwenye piano, Liston akaamua tarumbeta ziingie wapi na saksofoni zinyamaze wapi. Majina mengi ya santuri za enzi hiyo yanawaacha kando watu kama yeye, nasi tunaona kwamba nusu ya sifa ya Uhuru Afrika ni yake. Ngomani walikaa pamoja Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, na Wamarekani akiwamo Max Roach yule yule. Ngoma zilizotenganishwa na utumwa kwa karne kadhaa zilikutanishwa katika chumba kimoja. Sehemu ya pili, African Lady, kwa maneno ya Hughes, inamtukuza mwanamke mweusi, na inaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters.

Sisi tunaotafsiri habari kila siku tunaweza kusimama kidogo kwenye jina la sehemu ya nne. Kwa Kiswahili muziki haumchezi mtu kinandani: ala hupigwa, na anayecheza ni yule aliye katikati ya uwanja. Mtunzi wa jina, bila shaka, alikuwa na neno la Kiingereza kichwani, ambalo hubeba maana zote mbili za kupiga ala na kucheza mchezo. Lakini kosa hilo, kama ni kosa, limeangukia mahali pazuri. Weston alisema sehemu hiyo ni sherehe ya siku ambayo kila mtu atakuwa huru, na ukiisikiliza utaona kwamba kweli inataka kuchezwa kwa miguu.

Uhuru Afrika ilitolewa na kampuni ya Roulette na haikupata mauzo yanayokaribia ya Kind of Blue. Mwaka 1964, mwaka ambao Nelson Mandela alihukumiwa kifungo cha maisha, serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Weston aliendelea na njia aliyoichagua. Mwaka 1967 alizunguka nchi nyingi za Afrika katika ziara ya serikali ya Marekani, kisha akahamia Morocco na kufungua klabu mjini Tangier. Alifariki dunia tarehe 1 Septemba 2018 akiwa na umri wa miaka 92.

Kiswahili nacho hakikuondoka katika jazi. Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa santuri iitwayo Mwandishi, jina alilolitumia yeye mwenyewe, na wenzake wote wakawa na majina ya Kiswahili. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, kosa lile lile la Kucheza Blues likarudi mlangoni. Mpiga ngoma Billy Hart alikuwa Jabali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na hilo halikuhitaji kusahihishwa: alikuwa daktari wa kweli, mwenye shahada ya udaktari.