KONTAKTA: MLINZI WA KINU CHA UNGA

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Wengi wetu tumewahi kutumwa kinuni na gorogoro la mahindi. Mhudumu anabonyeza kitufe cha kijani, mota inanguruma, nasi tunangoja unga tu. Leo nataka tulitazame lile sanduku la bati lililo ukutani. Ndani yake mna kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, nacho huitwa kontakta.

Kontakta ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya kidole. Stima ikipita kwenye koili yake, koili inageuka sumaku, kama tulivyosoma katika Fizikia. Sumaku hiyo inavuta vigusio vitatu, navyo vinapeleka stima ya fezi tatu kwa mota. Stima ikikatika, springi inavirudisha nyuma mara moja.

Je, kwa nini tusiweke swichi ya kawaida tu? Tuseme stima imepotea na mahindi yamekwama. Mhudumu anafungua kinu ayatoe kwa mkono. Swichi ya kawaida imebaki ilivyowashwa, kwa hivyo stima ikirudi ghafla, mota inazunguka na mkono umo ndani! Kontakta iliyounganishwa na vitufe vyake haifanyi hivyo. Stima ikipotea inajiachia, na ikirudi inangoja mpaka kitufe cha kijani kibonyezwe tena. Hata hivyo, ni lazima mhudumu azime swichi kuu kabla ya kutia mkono.

Sasa tuingie dukani. Jambo la kwanza ni ampea. Mota ya kilowati 5.5 kwa volti 415 hula karibu ampea 11, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara 6 hivi ya kiasi hicho. Kontakta moja yaweza kuandikwa ampea 25 penye AC-1 na ampea 12 penye AC-3. Usidanganyike na ile namba kubwa! AC-1 ni ya vitu kama hita. AC-3 ndiyo ya mota. Ukinunua iliyo ndogo, vigusio vitapata moto hadi vishikane kama vilivyochomelewa. Hapo hata ukibonyeza kitufe chekundu, kinu hakisimami.

Jambo la pili ni volti za koili, zilizoandikwa karibu na A1 na A2. Koili ya volti 240 ikipewa 415 itaungua. Ile ya 415 ikipewa 240 itavuma kama nyuki na haitashika vizuri.

Jambo la tatu ni ovalodi. Kontakta peke yake haijui kama mota imelemewa. Ovalodi ndiyo hupima, na mota ikivuta kupita kiasi, hukata stima ya koili. Huwekwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Wako watu wanaoipandisha ikizima kila mara. Huko ni kumnyamazisha mbwa ilhali mwizi yuko mlangoni.

Kufunga kontakta ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, si yangu wala yako. Lakini ni vyema tujue anavyofanya. Kwanza anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli, kisha anapima kwa tester kuhakikisha hakuna stima. Anaishikiza kontakta wima kwenye reli ya milimita 35. Stima inaingia L1, L2 na L3. Inatoka T1, T2 na T3, inapitia ovalodi, ndipo iende kwa mota. Kigusio kidogo cha 13 na 14 anakiunganisha sambamba na kitufe cha kijani. Hicho ndicho kinachoishikilia koili kidole kikiondoka, na ndicho kinachoachia stima ikipotea. Mwisho anakaza skurubu zote, kwa maana waya uliolegea hupata moto, na anafunika sanduku vizuri vumbi la unga lisiingie.

Kwa hivyo, ndugu zangu, ukienda kinuni uone swichi tupu bila kontakta, mweleze mwenye kinu kwa heshima. Bei ya kontakta hulipika, lakini mkono uliokatika haununuliwi dukani.