Nani Alilipa Bili? Filamu ya Sicko na Nchi Zake Nne

Katika filamu ya makala iitwayo Sicko, mwongozaji wake, Michael Moore, anaingia kwenye hospitali moja ya umma jijini London akiulizia mahali ambapo wagonjwa hulipa. Anauliza huku na huku, watu wanamcheka. Mwishowe anaona kibao chenye maandishi ya keshia, anajongea dirishani akiamini kwamba sasa ameupata ukweli. Mtumishi wa pale anamwambia kazi yake ni kutoa fedha: mgonjwa wa kipato cha chini akitoka kutibiwa hupita hapo kurudishiwa nauli iliyomfikisha hospitali.

Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "kalipie kwanza, ulete risiti, ndipo uende maabara", kipande hicho kinaumiza. Kimesambaa mno kwa miaka yote hii, na kila mjadala wa bima ya afya ukipamba moto hakosi mtu wa kukirudisha mezani kama ushahidi wa mwisho. Ni cha kweli. Utaratibu wa kurudisha nauli upo Uingereza hadi leo. Tatizo ni kwamba kamera iligeuka na kuondoka bila kumuuliza yule mtumishi swali la pili: fedha zilizojaa kwenye droo yake zimetoka wapi? Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo pengo kubwa la filamu nzima. Watetezi wake na wapinzani wake wamebishana tangu mwaka 2007, na wengi wao wamelipita.

Nianze na pale Moore alipopatia, maana alipatia sana. Sicko ilioneshwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes, Mei 2007, wakati Wamarekani zaidi ya milioni 40 walikuwa hawana bima ya afya. Mmoja wao, aliyekatwa ncha za vidole viwili na msumeno, alitajiwa bei kama mnunuzi dukani: kuunganisha kidole cha kati dola 60,000, cha pete dola 12,000. Alichagua cha pete. Lakini mwongozaji anatamka mapema kwamba filamu yake inahusu hasa wale wenye bima, wanaolipa kila mwezi kisha siku ya kuugua wanaambiwa ugonjwa wao haumo. Anamleta Dkt. Linda Peeno, aliyekiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1996 kwamba alipokuwa akipitia maombi ya matibabu kwa niaba ya kampuni ya bima alimnyima mgonjwa upasuaji ambao ungemwokoa, mgonjwa akafa, na kampuni ikaokoa nusu milioni ya dola. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazini hakulaumiwa. Alionekana daktari mzuri na akapanda cheo.

Hakuna mkosoaji aliyeweza kuivunja sehemu hiyo ya filamu, na sheria ya mwaka 2010 iliyotiwa saini na Rais Barack Obama ilikuja kupiga marufuku kumnyima mtu bima kwa sababu ya ugonjwa alionao tayari. Mabishano yalizuka Moore alipovuka mpaka.

Julai 2007 kituo cha televisheni cha CNN kilirusha uchambuzi wa Dkt. Sanjay Gupta uliodai kwamba filamu imekosea takwimu. Moore akajibu hewani kwa hasira. Katika hoja moja alikuwa na haki kabisa: CNN ilidai filamu inasema Cuba hutumia dola 25 kwa mwaka kwa afya ya kila raia, ilhali filamu inasema 251, na kituo kikalazimika kuomba radhi. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi ule ilizunguka orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000, ambamo Ufaransa ilishika nafasi ya 1 na Marekani ya 37 kati ya nchi 191. Wapinzani walidakia kwamba Cuba ilikuwa ya 39, yaani chini ya Marekani. Pande zote mbili zilikuwa zikijengea kwenye mchanga. Orodha ile ilichanganya mambo yasiyofanana: afya ya watu, namna wagonjwa wanavyohudumiwa, na usawa katika kubeba gharama. Katika kumhudumia mgonjwa kwa heshima na haraka, Marekani hiyo hiyo iliwekwa ya kwanza. Kilichoishusha ni usawa wa gharama na matokeo ya afya yakilinganishwa na fedha inazomwaga. Nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili, zikakadiriwa. Shirika lenyewe halikurudia tena kupanga nchi namna ile.

Sasa tuziangalie hizo nchi nne ambazo filamu inazipitia kana kwamba zina mfumo mmoja: Kanada, Uingereza, Ufaransa na Cuba. Ukweli ni kwamba zimejenga nyumba nne tofauti.

Uingereza inaendesha huduma yake ya taifa, NHS, kwa kodi. Ilianza Julai 5, 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan, na hospitali nyingi ni mali ya umma. Mfanyakazi hana kadi ya bima ya kuonesha, kwa sababu amekwisha kulipa kupitia mshahara wake na kila anachonunua. Hata hivyo serikali haikuchelewa kuona kwamba mzigo ni mkubwa: mwaka 1951 ilitangaza malipo ya miwani na meno ya bandia, na Bevan akajiuzulu kwa kupinga. Mwaka uliofuata yakaja malipo ya dawa. Leo dawa moja iliyoandikwa na daktari nchini England hulipiwa pauni 9.90, ingawa watoto, wazee na wengine wengi wamesamehewa.

Kanada ni jambo jingine. Kule daktari wa mtaani mara nyingi amejiajiri. Ana ofisi yake na wafanyakazi wake, lakini bili anaipeleka kwa serikali ya jimbo. Jimbo la Saskatchewan lilipoanza mpango huo Julai 1962 madaktari waligoma kwa siku 23. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 inakataza kumtoza mgonjwa chochote kwa huduma ya daktari au hospitali iliyomo kwenye mpango. Ila dawa za kumeza nyumbani, meno na miwani havikuwekwa humo, na Wakanada wengi wamekuwa wakivigharimia kwa bima za kazini au kutoka mfukoni. Mtazamaji wa Sicko haambiwi hayo.

Ufaransa ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ndiyo filamu iliyoipamba kupita zote na kuieleza kidogo kupita zote. Tunaoneshwa madaktari wanaokwenda nyumbani usiku, na mama aliyejifungua anayeletewa msaidizi wa kumfulia nguo. Hatuoneshwi Mfaransa akimlipa daktari. Naam, analipa! Akienda kwa daktari wa kawaida leo bei ni euro 30, na mara nyingi anazitoa pale pale kisha anapitisha kadi yake ya kijani iitwayo Carte Vitale. Baada ya siku chache mfuko wa bima ya jamii unamrudishia asilimia 70, yaani euro 21, ukiwa umekata euro 2 ambazo kila mgonjwa mtu mzima lazima azibebe. Anapata 19. Euro 9 zilizobaki hulipwa na bima ya ziada, ambayo Wafaransa karibu wote wanayo, wengi kupitia kazini, na maskini wasioimudu wanapewa na serikali. Mwenye saratani, kisukari au ugonjwa mwingine mzito wa kudumu matibabu yake hulipiwa asilimia 100 ya bei rasmi. Kwa maneno mengine, kadiri unavyozidi kuugua ndivyo unavyozidi kulipa kidogo. Huo ni uhandisi wa busara, umejengwa hatua kwa hatua tangu 1945, na unagharimiwa kwa makato mazito ya waajiri na wafanyakazi pamoja na kodi maalumu ya mapato iliyoanza 1991. Ningetamani Moore atumie japo dakika tatu kuueleza. Angetupa kitu cha kuiga, maana mshangao peke yake hauwezi kutungiwa sheria.

Lipo na suala la foleni, silaha kuu ya wapinzani. Kwenye filamu Moore anakaa katika chumba cha kungojea huko Kanada na kuuliza watu wamesubiri kwa muda gani. Dakika 20, anajibiwa. Dakika 45. Ukumbi unashangilia. Hapo, kusema kweli, alichanganya foleni mbili. Ya mgonjwa wa dharura au anayekuja kumwona daktari siku hiyo ni moja. Ya aliyeandikiwa kubadilishwa nyonga, goti au kutolewa mtoto wa jicho ni nyingine kabisa. Mwaka 2005, miaka miwili kabla ya filamu, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi iliyofunguliwa na daktari mmoja wa Quebec pamoja na mgonjwa aliyesubiri karibu mwaka mzima kubadilishiwa nyonga. Kwa kura 4 dhidi ya 3 majaji waliona kwamba kumzuia mtu kununua bima binafsi huku foleni ya umma ikiwa ndefu kiasi hicho kunavunja mkataba wa haki wa jimbo hilo. Filamu haikugusa kesi hiyo. Na England, ambako orodha ya wanaosubiri matibabu ya kupangwa ilikuwa ikipungua wakati Moore akipiga picha, mwaka 2022 ilivuka milioni 7.

Lakini wapinzani nao wasituambie nusu. Foleni ndefu ni matokeo ya idadi ya madaktari, vitanda na bajeti, na haitokani na kumhudumia kila mtu. Ujerumani inamhudumia kila mtu tangu zamani na wagonjwa wake hawasubiri upasuaji kama wale wa Kanada. Marekani nayo ina foleni isiyoandikwa popote: ya mtu anayeahirisha kwenda kwa daktari kwa sababu anaiogopa bili. Huyo haonekani katika orodha yoyote, na ndiye anayefikishwa hospitali hali ikiwa imeharibika.

Kuhusu Cuba nitasema machache. Moore aliwapeleka Havana watu walioathirika mapafu wakifanya kazi ya uokoaji New York baada ya Septemba 11, 2001. Mmoja wao ananunua dawa ya pumu ya kuvuta kwa senti 5 za Kimarekani, wakati kwao anailipia dola 120, na machozi yanamtoka. Machozi yale ni ya haki. Cuba ina daktari wa familia karibu kila mtaa, na umri wa kuishi wa raia wake umekuwa ukikaribiana na wa Wamarekani kwa sehemu ndogo sana ya gharama. Lakini wageni walioongozana na kamera hawawezi kuwa kipimo cha anachokipata Mcuba wa kawaida, anayekuta rafu za famasi tupu na daktari anayelipwa mshahara mdogo kuliko dereva wa watalii. Mwaka 2018 Kenya iliajiri madaktari 100 kutoka Cuba, na madaktari wa nyumbani wakalalamika kwamba wenzao wako mitaani bila ajira. Mpango ukasitishwa 2023. Wale waliokuja walikuwa mabingwa wa kweli. Walikuwa pia bidhaa ambayo serikali yao inaiuza nje kupata fedha za kigeni, na hilo ni sehemu ya jibu la nani anayelipia senti zile 5.

Anayetaka filamu inayojibu swali la dirisha la keshia aitafute Sick Around the World, iliyorushwa na kipindi cha Frontline cha Marekani Aprili 2008. Mwandishi T. R. Reid anakwenda Uingereza, Japani, Ujerumani, Taiwan na Uswisi, na kila anapofika anauliza bei, nani analipa, na nini hakiendi vizuri. Haina vichekesho vya Moore wala machozi yake. Ina kitu ambacho mtunga sera anaweza kukitumia: Ujerumani na Uswisi zinatumia mifuko ya bima na kampuni, siyo hazina ya serikali, na bado hakuna anayeachwa nje, kwa sababu sheria inamlazimu kila mtu kujiunga na inaikataza bima kumkataa mgonjwa au kupata faida kwenye mafao ya msingi.

Mambo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Kenya iliuondoa mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024 na kuanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara: aliyepokea shilingi 100,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Kelele zilizofuata zinaeleweka, kwa sababu makato huonekana siku ya mshahara na huduma huonekana siku ya kuugua, tena ikiwa dawa zipo. Ugumu zaidi uko kwa mama lishe, mvuvi na bodaboda, ambao hawana mwajiri wa kuwakata. Ufaransa, Uingereza na Ujerumani zilipanua mifumo yao zikiwa na waajiriwa wengi wa mishahara. Sisi hatuna wingi huo.

Ndiyo maana katika ziara za Reid mimi ningeanzia Taiwan. Ilituma wataalamu kujifunza mifumo ya nchi kadhaa kabla ya kuchagua, ikaanzisha mfuko mmoja wa taifa Machi 1995, na kufikia karibu raia wote kwa muda mfupi, wakulima na waliojiajiri wakiwemo, kila kundi likiwa na kiwango chake na serikali ikiwachangia wasio na mwajiri. Halafu gharama zikapanda, na kwa miaka kadhaa wanasiasa wakaogopa kupandisha michango, mfuko ukawa unakopa benki. Mwaka 2010 waziri wa afya Yaung Chih-liang aliweka mezani barua ya kujiuzulu kwa sababu ya mvutano kuhusu nyongeza hiyo. Hakuachiwa aondoke, na Aprili mwaka huo mchango ukapanda kutoka asilimia 4.55 ya mshahara hadi 5.17.