Fremu Haipigwi Pindo

Mama mmoja wa Section 58, Nakuru, mwenye asili ya huku kwetu Pwani, ametuuliza kwa nini mwanawe wa miaka kumi na mmoja huanguka kila mara aendapo madrasa kwa baiskeli, ilhali baiskeli ni mpya na breki zake ni nzima. Tulimwomba atupimie mguu wa mtoto na fremu. Mguu wa ndani, kutoka kinenani hadi kisiginoni, ulikuwa sentimita 65. Fremu ilikuwa ya inchi 22.

Wazazi wengi hununua baiskeli kama wanunuavyo kanzu ya Idi, kubwa kidogo ili mtoto aikulie. Lakini kanzu hupigwa pindo.

Inchi 22 ni karibu sentimita 56. Kwa desturi ya watengenezaji, hicho ni kipimo cha bomba linalobeba kiti, kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi ncha ya juu ya bomba. Ukiongeza kiti chenyewe, utapita sentimita 60 hata kikishushwa kabisa. Sasa mtazame mtoto. Kanuni itumiwayo na waendeshaji ni kuzidisha mguu wa ndani kwa 0.88 ili kupata urefu wa kiti kutoka mhimili huo. Kwa mtoto huyu ni 57. Basi kila pedali ishukapo, nyonga lazima ziyumbe ili mguu uifikie.

Tena kuna bomba la juu. Katika baiskeli za namna ya Black Mamba, zenye magurudumu ya inchi 28 na fremu kama hiyo, bomba hilo hupita sentimita 80 kutoka ardhini. Ndiyo sababu tangu zamani watoto wetu hupenyeza mguu chini yake na kuendesha mwili ukiwa upande. Uwanjani huo ni mchezo wa kuchekesha. Lakini Nakuru ni mji ulioinama kutoka Menengai kuelekea ziwani, na mtoto asiyeweza kutia mguu chini kwenye mteremko yumo hatarini.

Kupima si kazi ngumu. Mtoto asimame bila viatu, mgongo ukutani, abane rula katikati ya mapaja (wengine hutumia kitabu, nasi hatukupendi kukitumia hivyo), kisha pimeni kutoka rula hadi sakafuni. Akisimama juu ya fremu, nafasi ya sentimita mbili au tatu ibaki chini yake. Akishika usukani, viwiko viwe vimepinda kidogo na vidole vifike breki. Fremu mbili za inchi sawa zaweza kutofautiana kwa urefu wa mbele, na zile za siku hizi zenye bomba la juu lililoinama huifanya namba ya inchi isitoshe peke yake.

Kwa akina mama, bomba lililoshushwa la baiskeli ya kike husitiri na kurahisisha kupanda, ila halishushi kiti. Fremu ya kike ya inchi 22 ni ndefu vilevile kwa mguu mfupi. Avaaye buibui aulize pia kifuniko cha mnyororo na wavu wa gurudumu la nyuma. Fundi huweza kuvifunga hata kwenye baiskeli ya zamani.