Daftari la ndoa lina historia, ila usilisome kwa Kiswahili cha leo

Anayetaka kujua historia ya ukoo wake huanza kwa kuwauliza wazee, na ni sawa. Lakini mzee husimulia anachotaka kisimuliwe. Karani wa ndoa hakuwa na haja hiyo. Aliandika majina, tarehe na mahari, akawaita wanaofuata.

Leo nataka tuyaangalie madaftari ya zamani ya ndoa za Kiislamu pwani ya Kenya, ambako sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka wa 1906. Mtafiti asiyeijua lugha ya ndoa atatoka humo na orodha ya majina tu. Uhondo umo katika maneno yaliyo kando ya majina hayo.

Chukua neno walii. Wengi hulifasiri kama mzazi wa bi harusi, basi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waswahili wengi, uwalii una mpangilio: baba kwanza, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume, kisha mwana wa ndugu, ndipo ami. Sasa ukikuta walii ni kaka yake bi harusi, hebu jiulize baba na babu walikuwa wapi. Tafuta ndoa ya dada yake mkubwa. Kama humo walii ni baba mwenyewe, huenda umepata kipindi alichofariki, bila cheti chochote cha kifo. Nasema huenda kwa sababu baba akiwa safari ya mbali, kadhi aliweza kusimama mahali pake.

Kuna walii wa aina nyingine ambaye wengi hawapendi kumzungumzia. Mwanamke aliyeachwa huru kutoka utumwani, asipokuwa na jamaa wa kuumeni, walii wake kisheria ni yule aliyemwacha huru. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani mwaka wa 1907, mwaka mmoja tu baada ya sheria ile ya usajili. Kwa hivyo katika madaftari ya miaka hiyo, walii asiye na nasaba na bi harusi anaweza kuwa ndiye bwana wake wa zamani, hata kama neno 'mtumwa' halionekani popote.

Hapa ndipo utafiti unapouma. Suala la kufu, yaani nani analingana na nani kwa asili, bado huvunja posa katika baadhi ya nyumba. Maoni yangu ni kwamba mtafiti azungumze na wenye ukoo kabla ya kuchapisha chochote, na wenye ukoo nao wasiifiche karatasi. Kwa mwanamke yule, huenda mstari huo ndio mahali pekee jina lake lilipopata kuandikwa.

Majina nayo yana jiografia yake. Waswahili wa Mombasa hujitambua kama Thenashara Taifa: Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Taifa hapa si nchi, ni kundi la koo zenye asili moja. Mtu akiandikwa Mpate, Mfaza au Mshaka, anajinasibisha na Pate, Faza au Shaka, miji ya kaskazini. Kusanya ndoa mia moja za mtaa mmoja, uone nani alioa kwa nani. Utapata ramani ya uhamaji ambayo hakuna gavana aliyeichora. Ila angalia hati. Herufi za Kiarabu hazina p wala v, na waandishi wengi walitumia b na f badala yake. 'Mfita' ni Mvita na 'Bate' ni Pate. Usije ukaunda koo mbili pale palipo na moja.

Tarehe pia zina mtego. Kwa hesabu ya jadi siku ya Mswahili huanza jua likitua, kwa hiyo ndoa ya 'usiku wa Ijumaa' ilifungwa usiku ambao redio zetu leo zingeuita wa Alhamisi. Ongeza kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi: mwaka 1325 ulianza Februari 1907. Na kama karatasi imechanika na tarehe haipo kabisa, tazama mahari. Ikihesabiwa kwa rupia, yaelekea ni ya kabla ya miaka ya 1920, maana hapo ndipo shilingi ilipoingia.

Ukienda kwa kadhi au kwenye makavazi, omba kwa adabu uonyeshwe daftari lenyewe badala ya nakala ya cheti. Cheti kina ndoa moja. Daftari lina majirani, mashahidi na mashemeji, na mara nyingi shahidi wa ukurasa huu ndiye bwana harusi wa ukurasa unaofuata.