Chagua Ala Kabla ya Sime

MTU ashukaye kwenye matatu mjini Kitengela, kilomita kama 30 kutoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, hahitaji kutembea mbali kabla ya kukutana na kauboi. Atamwona kijana mwenye kofia pana, buti ndefu na mshipi wa bizimu kubwa, na simu yake ikiimba nyimbo za mashambani za Marekani. Hatua chache mbele atamkuta mzee wa Kimasai aliyejitanda shuka nyekundu, akiswaga ng'ombe kando ya lami, sime kiunoni upande wa kulia na rungu mkononi. Mara nyingi nimejiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye kauboi hasa. Neno lenyewe, huko lilikotoka, maana yake ni mtu wa ng'ombe, na mwenye ng'ombe hapo ni mmoja tu.

Swali hilo lilinirudia nilipopata habari za mchezo mmoja wa Wamarekani. Katika jimbo la California, mapema katika miaka ya 1980, walitokea watu walioanzisha mashindano ya kulenga shabaha kwa mavazi na silaha za makauboi wa karne ya 19. Mwaka 1987 wakaunda chama chao, Single Action Shooting Society. Kila mwanachama hujipa jina la kubuni, huvaa nguo za zama zile, na hupiga vibao vya chuma kwa rivolva mbili, raifo moja na bunduki ya marisau. Rivolva zao ni za mtindo wa zamani, kama ile Colt ya mwaka 1873, ambayo nyundo yake sharti ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi.

Jambo lililonivutia si bastola zenyewe, bali ala zake. Mgeni wa mchezo huo hukimbilia bastola kubwa yenye mlio wa kutisha, kama alivyoona katika filamu. Wazoefu humshauri achukue ile ambayo mpini wake unaenea kiganjani, na ya risasi nyepesi isiyomrusha mkono, kwa sababu hapo hakuna adui wa kuangushwa. Kibao kinatakiwa kilie tu. Kisha humtaka asibane mkono katika kununua ngozi. Ala iwe ngumu, mdomo wake usijikunje bastola inapotolewa, na iishike bastola mwenyewe anapokimbia. Sheria yao inakataza ala iliyoinama zaidi ya digrii 30 kutoka wima, ili mtutu usije ukawatazama walio nyuma. Tena kibweta chenye nafasi ya risasi sita hujazwa tano tu, nyundo ikalala juu ya tundu tupu. Kwa hiyo, chini ya mbwembwe zote za kofia na majina ya kubuni, kuna watu wanaojua kwamba chombo cha kuumiza huvaliwa kwa adabu.

Mchezo huo hauwezi kuletwa Kenya kama mtu anavyoleta kofia. Hapa bunduki haimilikiwi bila leseni, na leseni haitolewi kwa kupenda filamu. Lakini Kajiado haina haja ya kuazima. Watu wa ng'ombe wa huku wana silaha zao, wana ala zao, na tangu mwaka 2012 wana mashindano yao pia. Nami nilipata somo la mambo hayo kwa sababu ya mpwa wangu.

SIME INAYONG'AA

Dada yangu ameolewa upande wa Kajiado. Mwanawe wa pili alinijia siku moja akasema, "Mjomba, rika letu lina sherehe, nami sina sime." Nikaona ni haki yake kuomba na ni haki yangu kulipa. Tukaingia katika duka moja la vitu vya kuuzia watalii, akaokota sime inayong'aa kama kioo, ala yake imeshonewa ushanga wa rangi tano. Nikalipa bila kuuliza maswali.

Kabla ya kufika nyumbani nilitaka kuitazama tena. Nikaishika ala kwa mkono wa kushoto, vidole vimeizunguka, nikaivuta sime kwa mkono wa kulia. Uzi wa mshono ulikuwa umelegea chini ya ule ushanga, makali yakapita katikati ya mshono, yakanichana vidole viwili. Shemeji yangu alinifunga kitambaa bila kusema neno. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kidonda.

Kesho yake akatupeleka, mimi na kijana, kwa mzee mmoja anayetengeneza ala ng'ambo ya Bissil. Mzee yule aliitazama sime yetu kidogo sana, akatumia muda mrefu kuitazama ala. Akaigeuza mdomo chini. Sime ikaanguka mchangani. "Hii," akasema, "itamchoma mwenyewe siku atakaporuka mtaro."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sime ya Kimasai ina tatizo lake la pekee. Ubavu wake ni kama jani: mwembamba karibu na mpini, halafu unapanuka kuelekea nchani, na una makali pande zote mbili. Uzito uko mbele, na ndiyo maana sime ndogo hukata tawi ambalo kisu cha urefu uo huo kingelikwaruza tu. Haina kinga ya mkono. Sasa fikiri, msomaji: ikiwa sehemu pana zaidi iko karibu na ncha, basi mdomo wa ala lazima uwe mpana wa kupitisha sehemu hiyo, na sime ikishaingia, ile sehemu nyembamba ya juu inabaki ikicheza. Ni kazi ya fundi kuondoa mchezo huo.

Fundi huchonga vibao viwili vyembamba vya mti, akavilaza sime katikati, kisha akavifunika kwa ngozi mbichi iliyolowekwa. Ngozi hushonwa ingali na maji. Inapokauka hujikaza yenyewe, ikavibana vibao kuliko msumari ambavyo ungevibana. Ule wekundu unaopendeza macho hupakwa baadaye. Ala ya duka la watalii mara nyingi haina vibao ndani; ni ngozi laini tu, au kitu kinachofanana na ngozi, na ushanga umewekwa pale pale ambapo mnunuzi angelitazama mshono.

Mzee akatufundisha kununua. Kwanza, geuza ala chini uitikise, sime isitoke. Pili, ivute kwa vidole viwili; itoke bila kubishana. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ulipo ufundi wote. Kisha jifunge mshipi, uchuchumae, ukae chini, ukimbie. Ncha ya ala ikikugonga goti, ni ndefu mno kwako, hata kama ingempendeza kaka yako. Na kuhusu vidole vyangu, alisema ala haizungushiwi kiganja wakati wa kuvuta sime. Hushikwa kwa ubapa wake, kidole gumba upande huu na vingine upande ule, makali yasikute nyama. Alisema hivyo akimtazama kijana, kwa heshima ya umri wangu.

Bamba lenyewe alilishughulikia mwisho. Sime nyingi za kazi siku hizi hufuliwa kutokana na springi za gari au tupa kuukuu, na chuma hicho hakifanyi haya mbele ya mti mgumu. Ile yetu ilikuwa bati lililosuguliwa. Aliikunja kidogo kwa goti, ikabaki imekunjika.

Wafua vyuma wa Kimasai, wanaoitwa il-kunono, waliishi zamani kama watu waliotengwa; koo nyingine hazikuoana nao. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wamasai mwaka 1905, ameeleza kwamba Mmasai aliyepokea kitu kilichoshikwa na mfua chuma alijipaka mafuta mikononi kwanza. Yaani morani aliyejivunia sime yake kuliko kitu chochote hakutaka kumgusa aliyeifua. Mafuta hayo, bila shaka, yaliikinga sime na kutu pia, lakini sidhani kwamba hilo lingemfariji mfuaji.

RUNGU NA SIMBA

Rungu ni jambo jingine. Halina ala, hukaa mkononi au huchomekwa mshipini, na kwa hiyo uchaguzi wake wote uko katika mti na mizani. Mti uwe mgumu, kama mzeituni wa mwitu ambao Wamasai huuita oloirien, na kichwa na mkono viwe kipande kimoja, visiwe vimeungwa. Rungu la kutembelea na rungu la kutupa si kitu kimoja. La kwanza linaweza kuwa zito na la kupambwa; wengi wetu tunakumbuka jinsi Rais Daniel arap Moi alivyoonekana na lake kila mahali. La kutupa linataka kichwa kidogo kinachovuta mbele na mkono mwembamba usioteleza kwa jasho.

Zamani sifa ya morani ilikuwa simba. Na huko si zamani sana. Mwezi wa Juni mwaka 2012, katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i hapa Kitengela, wananchi waliwaua simba sita waliokuwa wametoka upande wa Mbuga ya Nairobi na kuvamia mifugo. Mwenye kulaumu na alaumu, lakini akumbuke kwamba mbuzi ndiyo karo ya shule, na usiku ule hakuna aliyemtuliza mwenye zizi.

Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, huko Kimana, kusini mwa Kajiado, ilifanyika kwa mara ya kwanza michezo iitwayo Olimpiki ya Wamasai. Wazo lilikuwa la wazee wenyewe, menye layiok, baba wa morani, ambao mwaka 2008 walitaka uwindaji wa simba uondoke katika mila. Shirika la Big Life likawaunga mkono, na David Rudisha, bingwa wa mita 800, akawa mlezi wa michezo. Morani hukimbia, huruka juu wakijaribu kugusa kamba kwa kichwa, hutupa mkuki kwa umbali na rungu kwa shabaha. Manyatta inayoshinda hupewa fahali wa mbegu. Zawadi hiyo naisifu, maana waliopanga walijua wanazungumza na watu gani.

Je, simba wameacha kufa? La. Mwezi wa Mei mwaka 2023 simba sita waliuawa kwa mikuki Mbirikani baada ya kuua mbuzi, na siku zizo hizo akauawa Loonkiito, dume mzee wa Amboseli aliyekuwa na umri wa miaka kama 19. Michezo haijengi zizi wala hailipi mbuzi. Lakini kijana anayetafuta sifa sasa ana pengine pa kuitafutia, na silaha ya babu yake ina kazi nyingine ya kuchaguliwa kwa uangalifu.

Mzee wa Bissil alituuzia sime ya springi, isiyong'aa hata kidogo, na ala nyekundu isiyo na ushanga hata mmoja. Mpwa wangu alinuna kwa muda. Kisha mzee akamwekea marungu matatu chini, akampa dakika za kuyapima. Kijana aliacha lile lililochongwa vizuri zaidi, akachukua jembamba, lililopinda kidogo. Shemeji akasimamisha kopo la maziwa ya unga juu ya kichuguu, hatua kama 20 hivi.

Mara ya kwanza rungu lilipita juu. Mara ya pili likachimba mchanga. Mara ya tatu kopo likaruka likalia, ng'ombe wa mzee wakainua vichwa kututazama, halafu wakaendelea na majani yao.